Nguo Zimekosa Mlango wa Kutokea

Mwaka 2019 ulianza kwa shughuli pevu katika maduka ya hisani ya Marekani, yale yanayopokea nguo za watu na kuziuza kwa bei poa. Tarehe 1 Januari Netflix ilianza kuonyesha kipindi cha Marie Kondo, mwanamke mpole wa Kijapani ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba, kilichotoka Japani mwaka 2011, kilikuwa tayari kimeuzwa kwa mamilioni. Somo lake la kwanza huwa ni nguo. Mwenye nyumba hutoa kila kilichomo kabatini, akamwaga kitandani mpaka shuka lisionekane, kisha akashika moja moja na kujiuliza kama inamfurahisha moyo. Isiyomfurahisha anaishukuru, anaiaga, inakwenda. Haukupita muda, vyombo vya habari vikaripoti kwamba mifuko ya nguo imefurika kwenye milango ya maduka ya hisani.

Inakwenda wapi? Kipindi hakikufika huko.

Maduka yale huuza papo hapo sehemu ndogo tu ya kile yanachopokea. Zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wakubwa wa nguo kuukuu, na kutoka hapo safari inaweza kupita Kandla, bandari ya jimbo la Gujarat nchini India, au Karachi, au maeneo huru ya kibiashara ya Falme za Kiarabu. Huko wafanyakazi wanasimama kutwa nzima wakitenga jinzi na jinzi, sidiria na sidiria, za watoto mbali na za wakubwa. Mashine inashindilia, plastiki inafungwa, mikanda inakazwa, na linatoka belo la kilo 45. Belo hilo ndilo linaloshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hesabu ya Institute of Economic Affairs, taasisi ya utafiti ya Nairobi, Kenya peke yake iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba mwaka huo huo wa 2019, yaani makontena kama 8,000.

Katika soko la Gikomba jijini Nairobi, belo hufunguliwa alfajiri, kabla matatu hazijaanza kugombania barabara. Aliyelinunua hajui kilichomo. Anajua maandishi ya nje, kwamba ni blauzi za kike au suruali za watoto, na anajua sifa ya aliyemuuzia, basi. Kisu kinapita kwenye mikanda, mzigo unavimba kama uliokuwa umebana pumzi, harufu kali ya ghala na ya dawa inatoka, na mikono inaingia kwa pamoja. Nguo bora, zile ambazo pengine hazijawahi kuonja maji, huitwa kamera. Hizo zina wateja wake: wenye maduka ya vioo mjini na vijana wanaouza kwa Instagram. Baada ya kamera huja daraja linalofuata na linalofuata, na chini kabisa ni fagia, mabaki yanayouzwa kwa rundo. Fagia isiyopata mtu huishia kwenye kingo za Mto Nairobi, unaopita hapo jirani, au hupakiwa kwenda jalala la Dandora.

Kwa hiyo anayesikia mahubiri ya kupunguza nguo na kudhani ni mchezo wa watu wenye nafasi huko ng'ambo, amesikia nusu ya habari. Nusu ya pili iko Tabata ya Dar es Salaam, iko Buruburu ya Nairobi.

Kabati la kawaida la mitaa hiyo lina milango mitatu, na mmoja haufungi. Seremala hana kosa. Ndani kuna nguo sita saba zinazovaliwa kila wiki hadi kola zimechanika, na nyuma yake umati unaosubiri: jinzi ya enzi za chuo inayongoja mwenyewe apungue, koti la suti lililonunuliwa kwa kuwa lilikuwa la bei ya kutupa, mikono yake mirefu kuliko ya mvaaji, tisheti za kampeni ya uchaguzi, za semina, za mbio za hisani, zote za saizi moja kubwa, sweta tatu za mtu anayeishi Dar es Salaam. Chini kuna viatu ambavyo soli zimebanduka kwa kukaa tu. Kila asubuhi mwenye kabati husimama mbele yake, akatazama, akasema hana cha kuvaa. Wala haongopi, maana katika zote zile ni hizo sita saba tu zinazomfaa, na leo zote ziko kwenye beseni.

Waingereza wamejihesabia. Mwaka 2022 shirika lao la WRAP, linaloshughulika na kupunguza taka, lilikuta mtu mzima wa huko ana wastani wa nguo 118, na asilimia 26 ya hizo hazijavaliwa kwa mwaka mzima au zaidi. Hizo 30 na ushee ndizo zinazomngoja Marie Kondo. Wakfu wa Ellen MacArthur nao ulionyesha mwaka 2017 kwamba utengenezaji wa nguo duniani ulikaribia kuongezeka maradufu katika miaka 15 tangu 2000, huku kila nguo ikivaliwa mara chache kuliko zamani kabla ya kuachwa. Mlango wa kutokea wa kabati la Mwingereza ndio mlango wa kuingilia wa kabati la Tabata, na mlango huo wa kuingilia unazidi kupanuka.

Bei ndiyo inayoupanua. Kwenye minada ya Karume jijini Dar es Salaam, Memorial mjini Moshi au Mlango Mmoja kule Mwanza, muuzaji anasimama katikati ya rundo, anarusha blauzi hewani na kuimba jero, jero, jero, na mkono wa mpita njia unaingia kwenye pochi kabla akili haijauliza blauzi ile itavaliwa na sketi gani. Hakuna haja ya kuitukana mitumba kwa hilo. Imewavisha watu wengi vizuri, imesomesha watoto wa wauzaji wengi zaidi, na koti la sufu lililopatikana sokoni Njombe mwezi wa Julai si kitu cha kudharauliwa. Ila nguo inayopatikana kwa bei ya soda hupata nafasi kabatini bila kuhojiwa, na ikishaingia inakaa, kwa sababu nani atatupa kitu kizima?

Mitumba, hata hivyo, imelaumiwa vya kutosha. Mshtakiwa mwingine anakaa kiti cha mbele ukumbini na hakuna anayemtaja: sare.

Harusi moja ya mjini Tanzania ina kicheni pati, ina sendofu, ina siku yenyewe, na kila moja ina kitambaa chake. Pwani kuna singo na usiku wa hina, na mashoga wa bibi harusi hawatokei bila dera au kijora cha aina moja. Kamati inachagua kitambaa, kamati inapanga bei, na mwanakamati anayesambaza mzigo anajua mwenyewe kilichobaki mkononi. Nusu ya wanaoshona rangi haiwapendezi. Mshono ni wa haraka, fundi ana magauni arobaini ya kumaliza kabla ya Jumamosi, kwapa linabana. Gauni linavaliwa kwa saa sita, linapigwa picha, picha zinajaa kwenye makundi ya WhatsApp, na hapo limeshamaliza kazi yake. Kulivaa tena ni kujitafutia maneno, maana kila mtu anajua ni la harusi ya nani. Anayekataa sare naye huonekana amekataa harusi. Mwanamke mwenye ndugu na wafanyakazi wenzake wa kutosha akialikwa harusi nne kwa mwaka, ambazo si nyingi, baada ya miaka mitano ana magauni ishirini ya namna hiyo. Mlango wa kabati utafungaje?

Zamani nguo ilikuwa inashuka. Doti ya kanga ni mfano mzuri. Inanunuliwa vipande viwili vikiwa bado vimeungana, inakatwa, inapindwa. Ikiwa mpya ni ya kutokea: msibani, safarini, hospitalini kumjulia mgonjwa hali. Ikipauka inakuwa ya nyumbani, ya jikoni, ya kulalia. Pamba ikishalainika kwa kufuliwa inakuwa mbeleko, kisha inachanwa winda, maana hakuna kitambaa kipya kinachonyonya bila kumchubua mtoto kama kanga iliyochakaa. Baada ya hapo ni kishikio cha sufuria, ni ngata ya kubebea ndoo, na mwisho ni dekio. Dekio likichoka ni nyuzi, nazo zinaoza. Duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa chapa yake ya Mali ya Abdulla, lilianza kuuza Mombasa mwaka 1887, na katika miaka yote tangu hapo hakuhitajika mtaalamu wa kuja kuwaeleza wanawake wa pwani namna ya kuitoa kanga kabatini. Ilikuwa inajitoa yenyewe.

Dera la poliesta halishuki hivyo. Likipoteza mng'ao, likachomoka nyuzi kwapani, mwenyewe analichana alifanye dekio, na hapo ndipo anapogundua kwamba linasukuma maji huku na huku badala ya kuyanyonya. Winda haliwi, linamtia mtoto joto. Sufuria ya moto haishikiwi, linayeyuka. Fundi gereji akiletewa matambara anachagua ya pamba. Basi linarudishwa kabatini, au linapelekwa jalalani, ambako litakaa miaka mingi kwa kuwa asili yake ni mafuta ya petroli kama ya mfuko wa plastiki. Na poliesta sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Ripoti ya shirika la Changing Markets Foundation ya mwaka 2023, iliyofanyiwa kazi pamoja na Clean Up Kenya, ilisema zaidi ya nguo moja kati ya tatu zinazopelekwa Kenya zikiwa zimetumika zina plastiki ndani yake na ubora wake ni duni. Wafanyabiashara wa mitumba waliipinga, na hoja yao ina uzito: mtu hawezi kununua belo kwa pesa yake ili alipeleke jalalani. Lakini hata blauzi iliyopata mnunuzi ina siku yake ya mwisho, na ikiwa ya poliesta, siku hiyo haina pa kwenda.

Kuna kabati moja ambalo halipaswi kuguswa, nalo ni la bibi. Mjukuu aliyejifunza mambo ya kupunguza nguo akifungua sanduku la bibi yake atakuta doti ambazo hazijapindwa, karatasi ya kiwanda ingali juu, zimezongwa ndani ya shuka pamoja na vidonge vya nondo. Atadhani ni ulimbikizaji. Bibi huyo alikuwa mama kijana mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wakati Tanzania haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri, na viwanda vya nguo kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968, na Mwatex cha Mwanza vilizalisha chini ya uwezo wake. Kanga ilipangiwa foleni. Mwaka 1983, katika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, bidhaa zilizofichwa majumbani zilisakwa, vitambaa vikiwemo. Bajeti ya 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu mwaka uliofuata na kulegeza zaidi, mitumba ikamwagika.

Aliyesimama kwenye foleni ile hatupi kanga. Tena sanduku lake halijafa kama kabati la mjukuu. Akizaliwa mtoto linatoa doti, jirani akifiwa linatoa doti, binti akiolewa linatoa kadhaa, na shughuli ikigeuka linapokea. Doti zinaingia na zinatoka. Mjukuu ndiye mwenye kabati ambalo halitoi kitu.

Kanuni za wageni si zote za kubeza. Mmarekani Courtney Carver, aliyegundulika kuwa na ugonjwa sugu wa mfumo wa neva mwaka 2006 na kuamua kupunguza kila kinachomchosha, alianzisha mwaka 2010 zoezi la kuvaa vitu 33 tu kwa miezi mitatu. Viatu na vito vinahesabiwa. Nguo za ndani, za kulalia na za mazoezi hazihesabiwi. Zinazobaki zinafungwa kwenye maboksi, hazitupwi, mpaka miezi mitatu iishe. Hilo la maboksi ni busara kubwa, kwa sababu linamwondolea mtu hofu ya kujuta.

Lakini miezi mitatu ni urefu wa majira ya kwao, ya baridi au ya kiangazi. Dar es Salaam haina majira ya nguo. Jasho la Februari na la Novemba ni mtu na ndugu yake, na shati lililovaliwa mara moja linakwenda kufuliwa. Majira ya huku huletwa na shughuli: Ramadhani na Iddi, Krismasi, harusi zinazofuatana baada ya Pasaka, na msiba ambao haupigi hodi. Anayetaka kupunguza nguo zake Tanga au Mombasa ni afadhali aanzie hapo. Nguo moja ya heshima ya msibani. Mbili za sherehe. Za kazini za kutosha wiki moja, na za ziada kidogo kwa masika, nguo zinapokaa kambani siku mbili zikinuka uvundo. Za nyumbani chache, za pamba. Anayeishi Makete au Limuru aongeze sweta na asibishane na mtu.

Kondo mwenyewe, akiwa na watoto watatu, alikiri kwa waandishi wa habari mwaka 2023 kwamba nyumba yake haiko nadhifu kama zamani na kwamba ameachia kidogo. Wapo waliomcheka. Wazazi wengi walipumua.

Kuna kipimo kingine kinachosifiwa sana, cha kugeuza henga zote zitazame upande mmoja, na kila nguo ikivaliwa na kurudishwa, henga yake inageuzwa upande wa pili. Baada ya nusu mwaka, zile ambazo hazijageuka zimejishtaki zenyewe. Ni kipimo kizuri kwa nyumba yenye henga za kutosha. Katika nyumba nyingi nguo zinakunjwa na kupandana, na huko shahidi bora ni yule anayefua. Dada wa kazi, au mama mwenye nyumba mwenyewe kama ndiye anayeinama kwenye beseni, anajua bila kuangalia ni mashati gani yanapita mikononi mwake kila wiki, lipi limeanza kukatika kola, suruali ipi zipu yake imekufa tangu mwaka jana na haijavaliwa tena. Akiulizwa atazitaja zinazovaliwa kwa dakika mbili. Zilizobaki ndizo mzigo. Wanaume wengi wa mjini wangeshangaa kusikia orodha yao ilivyo fupi.

Wapo wanaume, kwa kweli, waliokwisha kumaliza suala hili. Suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, ilikuwa kwa miaka mingi vazi la watumishi wa umma kutoka Lusaka hadi Dar es Salaam: kitambaa kimoja juu na chini, hakuna tai, hakuna kuwaza asubuhi. Baadaye Rais William Ruto aliifufua nchini Kenya, na ikapendeza kiasi kwamba mwezi wa Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku ndani ya ukumbi wa Bunge la Taifa. Mbunge aliyekuwa ameshona tano akarudi kwenye tai.

Mlango wa kutokea ambao bado uko wazi, na hautumiki inavyostahili, uko kibarazani kwa fundi cherehani. Fundi wa zamani anajua kugeuza kola: anafumua mshono kwa wembe, analaza kola upande uliochakaa ukae chini, anashona tena, na shati linapata umri mwingine. Kazi yenyewe haichukui hata saa moja, na mteja wake siku hizi ni mzee tu. Gauni la sare ya kitenge cha pamba ni hazina zaidi. Fundi mwenye jicho analitazama kwa ndani kwanza, kuona kama mshonaji wa kwanza aliacha akiba ya kitambaa kwenye mishono. Ikiwepo, kwapa linaachiwa. Isipokuwepo, juu panakatwa, inabaki sketi, na kwenye mabaki ya mikono unatoka mfuko wa shule wa mtoto. Sasa hakuna tena anayelitambua kuwa ni la harusi ya fulani, na ule woga wa maneno umekwisha. La poliesta fundi atalipokea pia, ila sindano inaruka, pasi inaacha alama, naye atasema bei juu kidogo.

Kugawa ni mlango mwingine, na una aibu zake. Nguo za mtoto hushuka kwa mdogo wake, kisha kwa binamu, kisha kijijini, na huo ni utaratibu usiohitaji marekebisho. Tatizo ni mfuko unaopelekwa kituo cha yatima ukiwa na sidiria zilizolegea, soksi zisizo na wenza na tisheti ya mgombea aliyeshindwa. Walezi wa vituo hupokea kwa adabu, kisha wakabaki na kazi ya kutupa kwa niaba ya mtoaji. Nguo ambayo mtu hawezi kumpa dada yake mkononi, huku akimtazama usoni, haistahili kuitwa msaada.

Kabati gumu kuliko yote ni la marehemu. Katika familia nyingi, baada ya arobaini au siku ambayo wazee wameipanga, nguo zake hugawiwa: koti kwa kaka, saa kwa mtoto wa kiume, vitenge kwa mashemeji, na kuna shati moja ambalo mjane halitoi kwa mtu. Msweden Margareta Magnusson aliandika mwaka 2017 kitabu kilichosifika duniani kuhusu kupunguza vitu vyako kabla ya kufa ili usiwaachie wengine kazi hiyo. Wazo lake lingepata shida kidogo Afrika Mashariki, ambako mzee akianza kugawa nguo zake akiwa hai, wanawe watakimbilia kumpeleka hospitali.

Serikali nazo zimejaribu kushika bawaba. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wa nguo kuukuu walilalamika kwa serikali yao, Marekani ikatishia kuwanyima wahusika upendeleo wa soko chini ya mpango wa AGOA, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi. Ilikuwa imepandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye upendeleo huo. Huko Ulaya, tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo mbali na taka nyingine, kwa hiyo nguo zitakazotafuta pa kwenda zitaongezeka. Meli ni zile zile, bandari ni zile zile.

Wakati hayo yakisubiriwa, mabadiliko madogo yameanza kwenye kadi za harusi. Baadhi ya kamati hazitaji tena kitambaa, zinataja rangi: kijani, ya aina yoyote, iwe kitenge, iwe hariri, iwe nguo ya mwaka jana. Mwalikwa anafungua kabati, anakuta gauni la kijani la harusi ya binamu, anampelekea fundi aondoe yale mabawa ya mabegani, Jumamosi anatokea. Ukumbi unapendeza pengine kuliko siku za sare, maana kila mtu amevaa kinachomkaa. Wauza vitambaa wa Kariakoo hawatalifurahia jambo hili. Wala yule mwanakamati aliyekuwa akisambaza mzigo. Kikao kijacho atasimama kusema kwamba harusi bila sare haina mvuto, na mwenyekiti atalazimika kuamua.